Mzee wangu aliuliza: na watu wako wapi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Baba Zuhura, nina miaka 43, nakaa Mbagala. Nilikuwa baharia miaka 14, fundi wa injini kwenye meli za mizigo, na jambo ninalokuandikia nililipata huko huko baharini. Ofisa wetu mmoja, Mpolandi, alikuwa hasafiri bila boksi lake la mchezo wa vita vya majini vya zamani. Ndani yake kuna ramani ya karatasi iliyogawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Kuna vipande vya kadibodi vya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kila kipande ni manowari iliyokuwepo kweli, na jina lake, kasi yake na nguvu ya mizinga yake vimeandikwa juu. Halafu dadu na kitabu cha kanuni. Tulicheza Jutland, vita vya Waingereza na Wajerumani vya Mei 31, 1916. Kila mmoja aliandika amri za meli zake kwa siri, kisha tukafunua karatasi kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeelekeza meli zangu kaskazini nikijua nitamzibia njia, kumbe mwenzangu kashageuka zamu mbili nyuma na anarudi kwao. Usiku ule sikulala, nawaza nilikosea wapi. Tangu hapo nimenasa.

Nimeshuka melini miaka mitatu sasa, nina karakana ndogo ya mashine za boti. Mwaka jana niliagiza boksi langu mwenyewe kutoka Ulaya. Bei, usafiri na ushuru, jumla ilikuwa laki nne na ushee. Sitakuficha, Shangazi: Mama Zuhura nilimwambia ni laki moja. Baadaye akaikuta risiti.

Meza ya chakula tunayo moja tu. Pambano kubwa moja linachukua jioni tano au sita, na siku zote hizo watoto wanakula mkekani. Feni nayo haiwashwi, kwa sababu ikiwashwa tu vipande vinapeperuka, na joto la Mbagala la Januari unalijua. Mama Zuhura anasema nimewafanya wanawe wapangaji ndani ya nyumba yao. Mtu wa kucheza naye sina. Jirani nilimfundisha, akacheza siku moja, akasema bora drafti kijiweni. Basi nacheza peke yangu, pande zote mbili.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichonifanya nikuandikie ni mzee wangu.

Asili yetu ni delta ya Rufiji. Mzee ana miaka 78, na ujana wake wote aliumalizia kwenye boriti za mikoko, kuzikata na kuzipakia kwenye majahazi. Mwaka huu nilianza kutengeneza mchezo wangu mwenyewe, wa habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwetu mwaka 1914 na kumalizwa Julai 11, 1915. Nilichora midomo ya mto, Simba Uranga, Kikunja, Msala. Vipande nilivikata kutoka boksi la viatu: Königsberg, manowari za Waingereza Chatham, Severn na Mersey, na ndege zao. Kazi ya miezi minne.

Mzee akaja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Jioni akaketi mezani, akavaa miwani yake, akaitazama ramani bila kusema neno. Akakiokota kipande cha Königsberg, akakigeuza, upande wa nyuma hakuna kitu. Akauliza, "Na watu wako wapi?" Nikamjibu kwamba mabaharia wamehesabiwa humo humo kwenye nguvu ya meli. Akasema, "Siwaulizi hao. Nawauliza waliokokota." Ndipo akanieleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba babu yake alichukuliwa kijijini pamoja na wenzake kwenda kukokota boila za meli ile, yale matangi makubwa ya kuchemshia maji ya injini ya mvuke. Alirudi bega moja limeshuka, na hakushika tena kasia. Mzee akakirudisha kipande mezani. "Unachezea kaburi la watu kwa dadu," akasema, akaingia kulala. Alipotoka kliniki akapanda basi akarudi Rufiji. Nikipiga simu anataka kuongea na wajukuu. Mimi ananiitikia salamu, basi.

Mchezo nimeukunja nimeuweka juu ya kabati. Mama Zuhura kafurahi. Mimi jioni nakaa tu. Niambie, Shangazi: ni kosa kuifanya vita kuwa burudani? Niuze boksi, ramani niichome? Na mzee nitamwingiaje?

Baba Zuhura, Mbagala

*

Marahaba, Baba Zuhura. Ramani usiichome.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa historia. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia maboksi mawili ya michezo hii, moja la Tsushima, vita vya Wajapani na Warusi vya Mei 1905. Miaka kumi ya mwisho ya ndoa yetu, Ijumaa baada ya Isha, tulikuwa tukitandika ramani. Kwa hiyo nakujibu nikiwa naijua raha yako, na ninaijua pia hasira ya mwanamke ambaye meza yake imegeuzwa bahari.

Nianze na mzee, maana hapo ndipo penye uzito. Nimelisoma swali lake tena na tena, na kila mara naona ndilo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa juu ya mchezo wako. Wewe umeitengeneza Königsberg kama meli ya kupiga mizinga. Lakini hebu ifuate habari yake yenyewe. Septemba 20, 1914, alfajiri, iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Zanzibar inatengeneza mitambo, ikaipiga kwa mbali ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Hiyo ni asubuhi moja. Baada ya hapo injini zake nazo zikagoma, ikaingia Rufiji. Oktoba 30 Chatham ikaigundua, na kuanzia hapo hadi Julai 1915 haikutoka tena. Miezi minane imekaa kwenye mikoko! Sasa niambie, fundi wa injini, miezi hiyo vita ilikuwa ya nani? Mizinga ilisema siku chache. Siku zilizobaki zote zilikuwa za makaa, chakula, malaria na mabega ya watu.

Boila zilifunguliwa, zikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa karakana, kisha zikaburutwa kurudi deltani. Ni zaidi ya kilomita 100 kwenda na zaidi ya 100 kurudi, na waliovuta ni maelfu ya watu wa mwambao ule. Wewe umeshika boila kwa mikono yako, unajua uzito wake. Na meli ilipokwisha kuzamishwa, mizinga yake yote kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa majini, ikapelekwa kupigana bara chini ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Mmoja upo Mombasa, Fort Jesus, na mwingine Pretoria. Kila unapouona mzinga ule mbali na Rufiji, ujue kuna kamba iliyouvuta na kuna mkono ulioishika kamba.

Kwa hiyo mzee hajakosea. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi elfu, kwa njaa na magonjwa kuliko risasi, na kwa pande zote mbili. Wewe unapita Kariakoo kila ukishuka mjini, na jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ile Sanamu ya Askari iliyopo mjini tangu 1927 ina maandishi yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Ikiwa sanamu ya mkoloni imewataja, mjukuu wao atawasahauje kwenye ramani aliyoichora kwa mkono wake?

Uliniuliza kama ni kosa kuifanya vita burudani. Kwangu mimi si kosa, na nitakwambia nilichokiona. Watu wanaoucheza kwa dhati wanaiogopa vita zaidi. Ukishaandika amri zako, ukafunua karatasi, ukaona kwamba kwa kosa la zamu moja meli yenye watu elfu imekwenda chini, moyo unashtuka hata kama ni kadibodi. Hukulala usiku ule wa Jutland kwa sababu hiyo. Lakini mtu akiondoa mezani waliobeba mzigo, akabakiza chuma peke yake, mchezo unamfundisha uongo, na asipoangalia anauzoea. Wengi waliotunga michezo hii waliandika juu ya mizinga na deraya kwa sababu ndivyo vilivyokuwa kwenye vitabu walivyovisoma. Wewe una mzee wa miaka 78 ambaye habari iliyokosekana anayo kichwani. Nani mwingine anayo bahati hiyo?

Kwa hiyo usimpigie simu. Nenda Rufiji mwenyewe, na ramani uikunje vizuri uende nayo. Ukifika usianze kujitetea. Mwambie, "Baba, uliniuliza watu wako wapi. Nimekuja unionyeshe." Halafu nyamaza umpe kalamu. Mwache aweke kidole pale walipopita, ataje vijiji vilivyotolewa watu, na yale ya babu yake ayasimulie kwa mwendo wake, hata kama ni siku tatu. Uwe na daftari. Kama hataki siku ya kwanza, kaa, mle samaki, mzungumze mengine. Na akisema hataki kabisa jina la babu yake liwemo kwenye mchezo, hilo ni lake, litii.

Kuna jambo la pili la kumuuliza, na hili naamini litamfungua mdomo haraka zaidi: maji. Mchezo mzima wa Rufiji umekaa juu ya kina. Königsberg ilihitaji kina cha zaidi ya mita 5, ndiyo maana ilingoja maji yajae ili ipite. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata ndani. Walijaribu kumziba mlango, Novemba 10, 1914, wakaizamisha kwa makusudi meli kuukuu iitwayo Newbridge kwenye mkondo wa Suninga, lakini mikondo ya delta ni mingi. Mwisho wakaleta Severn na Mersey, meli zilizojengwa kwa ajili ya Brazil zikafanye kazi kwenye mto Amazon, zinazoelea kwenye maji yasiyofika hata mita 2. Hizo ndizo zilizoingia Kikunja. Sasa, ramani yako ina kina kimoja siku zote, au maji yanajaa na kupwa? Mzee wako amepitisha majahazi ya boriti mle. Anajua siku za bamvua, maji yanapojaa sana, mkondo gani unapitika, na siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, wapi hata mtumbwi unakaa kwenye tope. Mpe kazi hiyo. Mwambie akugawie ramani, hapa bamvua tu, hapa siku zote, hapa usithubutu.

Wapagazi utawawekaje? Nimelifikiria hili na sitaki uwafanye vipande vya kutumia na kutupa kama makaa. Wala wasiwe alama za ushindi. Shauri langu ni hili. Kila zamu iwe wiki. Mwenye Königsberg akitaka boila ziende Dar es Salaam, lazima achague vijiji, na jina la kila kijiji na idadi ya watu aliochukua aviandike kwa mkono wake kwenye karatasi inayobaki mezani mpaka mwisho. Hesabu ya nguvu ifanyike kwa kanuni, lakini kile kitendo cha kuandika kisirukwe. Mwenye Waingereza naye aandike wake, maana nao walichukua watu. Ninaamini mchezaji akiandika jina la nne mkono wake utakuwa mzito, na uzito huo ndio mzee alioutafuta alipokigeuza kile kipande akakuta nyuma hakuna kitu.

Mapigano yenyewe usiyapunguze utamu, yana haki yake. Julai 6, 1915, Severn na Mersey walipiga makombora zaidi ya 600, yaliyoipata Königsberg hayafiki kumi, na Mersey mzinga wake wa mbele ukanyamazishwa. Hawakuwa wakiiona shabaha, mikoko imewaziba, wanategemea ndege iliyoruka kutoka Mafia iwatumie ishara. Waliporudi tarehe 11, ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ikapigwa, na huku inashuka kuelekea mtoni Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Weka kanuni ya hilo, kwamba ndege ikipigwa bado inaweza kutoa sahihisho la mwisho. Mume wangu angeipenda sana zamu hiyo.

Sasa nyumbani. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mwanangu.

Mama Zuhura umemdanganya laki tatu. Kwa kipato cha karakana ndogo hiyo ni ada ya mtoto, na yeye ndiye anayejua gunia la mkaa linakwisha lini. Kabla hujamwambia habari za delta wala za mzee, mwombe radhi kwa hilo peke yake. Usilichanganye na maelezo. Kisha mpangiane kiasi cha burudani yako kwa mwezi, akijue, na kama mwezi umebana kiwe sifuri. Mchezo unaoutengeneza mwenyewe kwa boksi la viatu hauli pesa, na hilo ni jambo zuri la kumwonyesha.

Meza mrudishie. Nenda kwa fundi seremala akukatie plaiwudi nyembamba yenye ukubwa wa ramani, apige ukingo wa mbao wa sentimita mbili kuizunguka. Pambano likiwa katikati ya njia unalisukuma lote chini ya kitanda, watoto wanakula mezani. Sisi tulifanya hivyo miaka yote kumi. Feni iwake. Vipande usiviache kadibodi tupu, kila kimoja kigundishe juu ya kizibo cha soda, hapo hakipeperuki, na mzee mwenye macho ya kliniki atakishika bila kubabaika.

Mwenza wa kucheza unaye, ila hujamtazama. Hukuniambia Zuhura ana miaka mingapi, lakini kama baba yake ana 43, nadhani kanuni anaweza kuzisoma. Usiniambie ni mchezo wa wanaume. Januari 1942 manowari za chini ya maji za Wajerumani zilikuwa zinamaliza meli za mizigo Atlantiki, na Waingereza wakafungua mjini Liverpool kikosi cha kuchunguza mbinu kwa mchezo, kikiongozwa na Kapteni Gilbert Roberts. Waliofanya kazi hiyo pamoja naye walikuwa hasa wasichana wa jeshi la wanamaji. Sakafu ya chumba ndiyo iliyokuwa bahari, meli zikisogezwa kwa mkono na njia zake kuchorwa kwa chaki. Maofisa waliokuja kujifunza walitazama kupitia vitundu kwenye pazia la turubai, ili wasione zaidi ya ambavyo wangeona baharini, na njia ya adui ilichorwa kwa chaki ya kijani ambayo kutoka kwenye vitundu haikuonekana. Jean Laidlaw na Janet Okell walikuwa miongoni mwa wasichana hao. Maofisa karibu 5,000 walipita mikononi mwao, na mbinu zilizopatikana kwenye sakafu ile zilitumika kwenye misafara halisi. Mweleze Zuhura habari hiyo kabla hujamfundisha kanuni hata moja. Halafu mpe upande wa Waingereza, maana kwenye mchezo wako wao ndio wenye kazi ya kutafuta, na watoto wanapenda kutafuta.

Na yule Mpolandi je, mnawasiliana? Mchezo wa amri za siri unachezeka hata kwa simu. Kila mmoja ana ramani yake, mnapiga picha karatasi zenu za amri, mnazituma kwa dakika moja. Mume wangu alicheza hivyo kwa barua na rafiki yake aliyekuwa Mwanza, zamu moja kwa wiki mbili, na pambano likachukua mwaka na miezi minne.

Mama Zuhura mwenyewe usimshawishi kucheza. Mimi nilianza kwa kuuliza swali moja tu nikipita na chai, kwa nini Warusi wamesafiri kutoka Baltiki nusu ya dunia kuja kufia pale, na hakuna aliyeniita mezani. Nilivuta kiti mwenyewe.

Nenda Rufiji kabla mvua za masika hazijaharibu barabara. Chukua kalamu ya wino, ya risasi itafutika mzee akianza kusahihisha mikondo, na usisahau karatasi ya ziada, kwa sababu nadhani hiyo uliyoichora ataikuta na makosa mengi.

Shangazi